Si zote zilizokwenda Marekani: kilichozipata ndege za Wajerumani baada ya vita

Kwa Mhariri,

Makala mliyochapisha kuhusu ndege za kivita za Wajerumani ilikuwa na picha nzuri, na majina ya ndege yaliandikwa bila kukosewa. Mgala muue na haki yake mpe. Ila ile sentensi inayosema kwamba Wamarekani walizichukua zote mwaka 1945, wakazirusha watakavyo, kisha wakazifukia zilizobaki, imebeba makosa matatu kwa mpigo. Tunaomba nafasi tuyanyooshe, kwa sababu ukweli wenyewe una faida kubwa zaidi kuliko hadithi hiyo, hasa kwa msomaji wa Uganda anayeishi kwa spana, gundi au tanuri.

Vita vilipokwisha Ulaya, Mei 1945, viwanja vya ndege kuanzia Norway hadi Austria vilikuwa vimejaa mashine za Luftwaffe, jeshi la anga la Ujerumani. Nyingi hazikuwa na tone la mafuta. Nyingine Wajerumani wenyewe walikuwa wamekwisha kuzilipua. Zile zilizosalimishwa zikiwa nzima zilifanyiwa jambo moja kabla ya yote: propela ziling'olewa, mara nyingi na usukani wa mkia pia, zisije zikapaishwa usiku na rubani asiyekubali kushindwa. Ukitazama picha za viwanja vya Denmark na kaskazini ya Ujerumani za mwaka ule utaona safu za ndege zenye pua butu, kama ng'ombe waliokatwa pembe.

Ndipo wakaja watu wa orodha. Waingereza walikuwa na orodha yao, na kila ndege iliyochaguliwa kupelekwa kwenye kituo cha majaribio cha Farnborough ilipewa namba yenye maneno "Air Min", yaani Wizara ya Anga. Wamarekani walikuwa na mpango wao ulioitwa Lusty, na ndege zao zilipakwa namba zinazoanza na herufi FE, baadaye T2. Wote walitaka vielelezo vichache vya kila aina, basi. Aina ikishapata mwakilishi wake, ndege ya pili, ya tatu na ya mia haikuwa na kazi tena, hata kama ilitoka kiwandani wiki iliyopita. Ililipuliwa kwa baruti iliyowekwa kwenye chumba cha rubani, ikasukumwa kwa tingatinga, au ikakatwa vipande na kupelekwa kuyeyushwa.

Huko ndiko zilikoishia nyingi mno, na makala yenu haikugusa habari hiyo hata kwa mstari mmoja. Si Washington wala London. Tanurini.

Mwili wa ndege ya zama zile ni duralumini: aluminiamu iliyochanganywa na shaba nyekundu kiasi cha asilimia 4, pamoja na magnesiamu na manganizi kidogo. Bati la nje mara nyingi lilivishwa utando mwembamba wa aluminiamu safi, kwa sababu ileile shaba inayolipa bati nguvu ndiyo inayolifanya liliwe upesi na unyevu. Fundi wa Katwe anayeyeyusha vyuma chakavu ili kumimina sufuria ataielewa shida hii mara moja, hata kama hajawahi kugusa bawa la ndege.

Kwanza ipite sumaku. Boliti, nyaya za kuvuta usukani, bamba la kumkinga rubani na miguu ya magurudumu ni chuma, na chuma kikiachwa kikaloweka ndani ya aluminiamu ya moto huyeyukia humo na kufanya chombo kivunjike kama biskuti. Halafu kuna magnesiamu. Wajerumani waliitumia sana, katika mchanganyiko walioita Elektron, kwenye rimu na kwenye maganda ya injini. Kwa macho inafanana na aluminiamu, ila mkononi ni nyepesi kwa thuluthi nzima. Kuitambua, kwangua kidogo kwa tupa mpaka ing'ae, kisha dondoshea siki: magnesiamu hutoa mapovu papo hapo, aluminiamu hukaa kimya. Ikiingia tanurini bila kutambuliwa huwaka kwa mwanga mweupe unaoumiza macho, na anayekimbilia ndoo ya maji anaulisha ule moto, kwa kuwa magnesiamu ikiwaka huyapasua maji na kutoa haidrojeni. Kinachoizima ni mchanga, tena mkavu kabisa.

Ya tatu ni ile shaba. Tone la kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni, likiwekwa juu ya bati lililokwanguliwa huacha doa jeusi penye shaba na hubaki jeupe penye aluminiamu safi. Bati la doa jeusi halifai kwa sufuria peke yake, maana chumvi na ndimu vitalichimba vishimo. Katika Ujerumani ya miaka ile ya njaa hakukuwa na anasa ya kuchagua hivyo, na vyombo vingi vya jikoni vilivyotokana na mabaki ya ndege viliumbwa na chochote kilichokuwa karibu. Uingereza ilijipanga zaidi. Viwanda vyake vya ndege viligeuzwa kutengeneza nyumba za aluminiamu zilizoitwa AIROH, zaidi ya 54,000, na ndege chakavu zilikuwa sehemu ya malighafi yake.

Sasa tuje kwa zile chache zilizochaguliwa. Kanali Harold Watson wa Marekani alikusanya Me 262, ndege ya kwanza ya jeti kupigana vita kwa idadi kubwa, kwenye uwanja wa Lechfeld karibu na Augsburg. Marubani wake walifundishwa na watu wa Messerschmitt wenyewe, kampuni iliyoiunda, akiwemo rubani wa majaribio Karl Baur. Kutoka Lechfeld walizirusha hadi Melun, kisha Cherbourg, na hapo zikapakiwa kwenye meli ya kubebea ndege, HMS Reaper. Meli hiyo, Mhariri, ilikuwa ya jeshi la majini la Uingereza. Iling'oa nanga Julai 1945 ikiwa na ndege zipatazo 40, zimepuliziwa utando wa kuzuia chumvi ya bahari: Me 262 kumi, Arado Ar 234 nne, Dornier Do 335 mbili, Heinkel He 219 tatu, na nyingine za propela pamoja na helikopta.

Arobaini, katika maelfu. Nafasi kwenye meli ile iliamua mengi kuliko jenerali yeyote. Marubani wa kikosi cha 56 cha Marekani walikuwa na Heinkel He 111 iliyokusudiwa kupanda Reaper. Nafasi ikaisha, ndege ikarudishwa Uingereza na kuachwa huko. Kwa kuachwa ndiyo ikapona. Leo iko kwenye makumbusho ya jeshi la anga la Uingereza, wakati baadhi ya zile zilizobahatika kupata nafasi melini zilikatwa miaka michache baadaye.

Na hili la kwamba walizirusha watakavyo halina ukweli kabisa. Injini ya Me 262, Jumo 004B, ilisukuma kama kilo 900, na ilitengenezwa na nchi isiyokuwa na nikeli wala kromiamu ya kutosha. Vyumba vya kuchomea mafuta vilikuwa chuma cha kawaida kilichopakwa aluminiamu. Ndiyo maana maisha yake yalihesabiwa kwa saa: 25 ikiwa na bahati, mara nyingi 10 tu, kisha inashushwa na kufunguliwa. Kwenye koni ya mdomo wa kila injini kulifichwa kijinjini cha Riedel chenye silinda mbili na stroki mbili, kazi yake kuizungusha injini kubwa wakati wa kuwasha. Umeme ukigoma, fundi anavuta mpini wenye kamba, sawa na yule wa Kikuubo anavyovuta jenereta yake umeme ukikatika. Kijinjini kikishika, petroli inawashwa kwanza, na mzunguko ukipanda ndipo mafuta ya jeti yanafunguliwa.

Pabaya palikuwa kwenye mkono wa mafuta. Chini ya mizunguko 6,000 kwa dakika ulipaswa kusogezwa polepole mno. Ukisukumwa ghafla, mafuta yanakuja mengi kuliko hewa iliyobanwa, na hapo ama mapanga ya turbini yanaungua ama moto unazimika. Kwa hiyo rubani akishapunguza nguvu ili atue, hana njia ya kubadili mawazo dakika ya mwisho na kupaa tena kama angefanya na injini ya pistoni. Injini haitamwitikia kwa wakati. Ongeza gurudumu la mbele, ambalo mguu wake ulikuwa dhaifu na uliovunjika kwa kugeuzwa vibaya chini, acha kwa kutua vibaya.

Matokeo yalionekana. Me 262 moja iliyofungwa mzinga wa milimita 50 puani, ambayo Watson aliitaka kuliko zote, haikufika hata Cherbourg: injini iliharibika angani na rubani wake Mjerumani, Ludwig Hofmann, akajiokoa kwa parachuti. Nyingine ilivuka bahari salama, kisha breki zikakataa kwenye uwanja wa Pittsburgh, ikapitiliza na kuvunjika. Ile yenye namba 111711, ambayo rubani Hans Fay aliisalimisha mwenyewe Frankfurt Machi 1945 kabla hata vita havijaisha, ilianguka Ohio Agosti 1946. Wahandisi walishapata walichotaka kutoka kwayo, lakini makumbusho hayakupata kitu.

Uingereza nako watu walikufa. Novemba 1945 rubani wa Farnborough alikuwa akionyesha He 162, jeti ndogo ya mabawa ya mbao, mkia ukavunjika hewani. Mbao hapo ndiyo habari yenyewe. Mabawa yake yalipangwa kubandikwa kwa gundi iliyoitwa Tego-Film, ya tabaka jembamba kama karatasi, kutoka kiwanda cha Wuppertal. Kiwanda kilipigwa mabomu, ikatafutwa gundi nyingine, na tindikali yake ikawa inaila mbao pole pole. Tarehe 10 Desemba 1944 ndege ya kwanza ya aina hiyo ilipasuka bawa mbele ya wakubwa waliokuja kuitazama. Fundi wa samani wa Nsambya hahitaji kuelezwa zaidi: kiungo cha gundi mbaya hakilii wala hakipindi kabla ya kuachia, na kwa nje kinaonekana kizima. Kwa ndege ya namna hiyo, kila mwaka wa kukaa ghalani ulikuwa hatari nyingine, na hakuna mwenye akili aliyefikiria kuirusha baada ya majaribio ya mwanzo.

Januari 1946 ikafuata Do 335, ndege ya ajabu yenye injini moja mbele na moja nyuma, ikashika moto kwenye injini ya nyuma na kuanguka Cove, karibu na Farnborough. Rubani wake alifariki.

Tukae kidogo kwenye Do 335, kwa sababu imebaki moja tu duniani na kisa chake kinafundisha mafundi jambo. Propela ya nyuma ilikuwa kisu kinachomsubiri rubani yeyote anayejirusha nje. Dornier wakatatua hivi: kabla kiti hakijamrusha rubani, baruti inakata propela ya nyuma na pezi la juu la mkia, vyote vinadondoka, ndipo mtu anatoka. Ndege namba 240102 ilikwenda Marekani kwa Reaper, ikajaribiwa na jeshi la majini kwenye kituo cha Patuxent River, kisha ikawekwa ghalani miaka mingi. Mwaka 1974 ilirudishwa Ujerumani, kwenye kiwanda kilekile cha Oberpfaffenhofen kilichoiunda, ili itengenezwe. Mafundi walipoifungua mkiani walikuta zile chaji za baruti zimo, nzima, hazijawahi kuondolewa. Karibu miaka 30 watu walikuwa wameiburuta, wameipakia, wameipandia ngazi na kuipangusa vumbi ikiwa hivyo. Inaelekea kila aliyefuata alidhani aliyetangulia alishaitoa.

Mwenye kushughulika na ndege yoyote ya zamani ya kijeshi, iwe ya Mjerumani au MiG, aanzie hapo: viti vya kurusha rubani, vizima moto vya kulipuka, mabolti ya baruti, chupa za gesi. Kisha saa za vipimo zilizo mbele ya rubani. Namba na mishale iliyong'aa gizani ilipakwa rangi yenye radiamu. Mng'aro huo umekwisha kufa, lakini radiamu yenyewe iko palepale, na unga wake ukikwanguliwa na kuvutwa puani hautoki. Kioo kilichopasuka kisifunguliwe nyumbani.

Turudi kwenye kufukiwa. Lisemwalo lipo. Ndege za Reaper zilipofika Newark nyingi zilirushwa hadi uwanja wa Freeman, mji wa Seymour, Indiana, na ulipofungwa, vitu vingi vilivyokuwa vimejaa bohari vilitupwa shimoni. Wachimbaji wa baadaye wamefukua propela, vipande na vifaa. Vipuri, si ndege nzima zilizopangwa kama magari kwenye gereji ya chini. Ndege zenyewe zilipelekwa kwenye kiwanda kitupu cha Park Ridge, Illinois, mahali ambapo leo ni uwanja wa O'Hare, kwa kuwa Jenerali Arnold, mkuu wa jeshi la anga la Marekani, aliagiza ihifadhiwe moja ya kila aina kwa ajili ya makumbusho. Vita vya Korea vilipoanza mwaka 1950 jeshi likadai kiwanda chake. Ndege zilizoweza kufungwa kwa haraka zilihamishiwa bohari ya makumbusho ya Silver Hill, Maryland, nyingine hazikuwahi. Nyingi zilikaa nje kwenye maboksi, zikanyeshewa, mbao zikaachana. Ile ndege-bawa ya Horten iliyokutwa Friedrichroda ni mfano: hata baada ya kazi ya miaka ya hivi karibuni, plaiwudi yake inaonyesha wazi ilivyoteseka.

Kati ya zilizonusurika huko Silver Hill ni Arado Ar 234 namba 140312, ndege ya jeti ya kudondosha mabomu iliyokutwa kwenye uwanja wa Sola karibu na Stavanger, Norway. Ni ya pekee iliyobaki. Ile Ju 290 ya injini nne, ambayo Watson aliivusha Atlantiki kwa kuruka, ikapigiwa makofi na kupigwa picha, ilikatwa mwaka 1946. Na Me 262 ya viti viwili iliyowekwa nje kama pambo kwenye kambi ya Willow Grove, Pennsylvania, iliozeshwa na mvua kwa miongo kadhaa hadi walipokuja watu waliotaka kuipima ili watengeneze mpya kwa vipimo vyake. Ndege hizo mpya zinaruka, kwa injini za Kimarekani aina ya J85 zilizofichwa ndani ya maumbo ya Jumo. Aliyechagua hivyo alifanya la busara.

Kosa kubwa kuliko yote katika neno "zote" ni kusahau kwamba nyingi ziliendelea kufanya kazi, na nchi nyingine ziliendelea kuziunda. Ufaransa ilikuwa na viwanda ambavyo wakati wa vita vililazimishwa kuunda ndege za Wajerumani. Wajerumani walipoondoka, mitambo ilibaki, na Wafaransa hawakuizima. Ju 52 ya injini tatu ikaitwa Toucan, zikatoka zaidi ya 400, zikafanya kazi hadi Algeria na Indochina. Fieseler Storch, kindege kinachopaa kwenye uwanja mfupi kama wa mpira, kikaitwa Criquet na kutoka kwa mamia. Fw 190 ikaitwa NC.900, ikatoka 64, nayo haikudumu kwa sababu injini zake hazikuaminika.

Chekoslovakia ilipata balaa la kufundisha zaidi. Walikuwa na miili ya Bf 109, ndege ya kivita ya Messerschmitt, ya kutosha na injini zake za Daimler-Benz, hadi bohari ya injini iliposhika moto. Wakabaki na miili bila injini. Katika Soko la Kiseka mtu angefanya walivyofanya wao: walichukua injini ya Jumo 211 iliyokuwa ya He 111, ndege ya kudondosha mabomu, wakaifunga. Iliingia, lakini ilikuwa nzito, ya mzunguko wa chini, na propela yake ilikuwa na mapanga mapana kama makasia. Ukifungua mafuta kwa nguvu, propela inaivuta ndege upande mmoja, na magurudumu ya Bf 109 yamesogeleana mno kuweza kuizuia. Marubani waliiita Mezek, yaani nyumbu, yule mzao wa punda na farasi. Jina rasmi ni Avia S-199. Israel ilinunua 25 mwaka 1948, na ndizo zilizofanya shambulio lake la kwanza la ndege za kivita, tarehe 29 Mei, karibu na Ishdud. Hapo tatizo lingine likajitokeza: kifaa cha kupanga risasi zipite katikati ya mapanga ya propela kilikuwa kikikosea, na ndege ikaweza kujipiga propela yake yenyewe. Waganda wanaozikumbuka ndege za Israel zilizotua Entebbe Julai 1976 huenda hawajui kwamba ndege ya kwanza ya kivita ya jeshi lile ilikuwa na umbo la Messerschmitt.

Urusi ya Kisovieti haikuwa na haja ya ndege nyingi, ilitaka injini. Jumo 004 ikaundwa huko kwa jina la RD-10, na BMW 003 kwa jina la RD-20. Tarehe 24 Aprili 1946, siku moja, ziliruka Yak-15 yenye RD-10 na MiG-9 yenye mbili za RD-20. Finland yenyewe ilizitumia Bf 109 zake ilizonunua wakati wa vita hadi mwaka 1954.

Kwa anayeuziwa mtandaoni "kipande halisi cha ndege ya Mjerumani", nasi tunajua biashara hiyo imefika hadi Kampala, atazame namba kabla ya bei. Saa na vifaa vingi vya Luftwaffe vina namba inayoanza na herufi Fl. Sehemu za miili na injini mara nyingi zina mhuri wa mkaguzi na herufi tatu ndogo, ambazo ni alama ya siri ya kiwanda. Ndege nzima ina namba yake ya kiwanda kwenye kibati, lakini kibati hung'oka na kuuzwa peke yake, kwa hiyo kisiaminiwe mpaka namba zilizopigwa kwenye sehemu kubwa zikubaliane nacho. Zisipokubaliana si lazima iwe ya bandia, kwani karakana za vita zilibadilishana mabawa na mikia kila siku.

Tumalizie Afrika, ambako makala yenu haikufika. Novemba 1942, kwenye uwanja wa Gambut nchini Libya, kikosi cha 3 cha jeshi la anga la Australia kilikuta Bf 109 ya Wajerumani imeachwa, namba ya kiwanda 10639, imeandikwa 6 kwa rangi nyeusi ubavuni. Ulikuwa wakati uleule ambapo vijana wa Uganda walikuwa Mashariki ya Kati katika kampani za Pioneer, wakipakua na kujenga. Ndege ilipelekwa Uingereza, ikarushwa kwa majaribio, ikasahauliwa, kisha mwaka 1972 ikaanza kutengenezwa na watu waliofanya kazi hiyo hasa kwa kujitolea. Iliwachukua miaka 19. Iliruka Machi 1991, na Oktoba 1997 ikapinduka ilipotua karibu na Duxford. Imetengenezwa tena, lakini sasa ni ya kutazamwa tu.

Na iliyo karibu nasi kuliko zote iko Johannesburg, kwenye makumbusho ya taifa ya historia ya kijeshi, mtaa wa Saxonwold, jirani na bustani ya wanyama. Ni Me 262 namba 110305, yenye 8 nyekundu, ya viti viwili kwa ajili ya kuwinda ndege usiku. Ilisalimishwa kaskazini ya Ujerumani, ikajaribiwa Uingereza, na mwaka 1947 ikapelekwa Afrika Kusini. Ya aina hiyo hakuna nyingine iliyobaki popote, hata Marekani. Anayefika huko asiishie kupiga picha kutoka ubavuni. Asimame mbele ya pua atazame antena za rada, zilizochomoza kama matawi makavu na kuipunguzia mwendo ndege ambayo fahari yake ilikuwa mwendo. Kisha ahamie kwenye mdomo wa injini na kuchungulia katikati ya koni, palipo tundu dogo la mviringo. Humo ndimo unamopita mkono wa fundi kuushika mpini wa ile kamba.

Wasomaji wenu,
Entebbe